Hasira ya Mwenye Nguvu

Mtu mwenye bunduki chache akiamua kupigana na serikali yenye ndege, vifaru na maelfu ya askari, wenye akili humwona kuwa mwendawazimu. Hesabu yake haikubali. Hata mtoto wa darasa la tatu ukimwandikia ubaoni hesabu hiyo atakuambia nani atashinda. Hata hivyo, historia ya dunia, na hasa ya nchi zetu hizi za Maziwa Makuu, imejaa serikali zenye nguvu zilizoishia kuketi meza moja na watu ziliowaita majambazi wa porini, na nyingine zikaanguka kabisa. Siri moja ya jambo hilo ndiyo ninayotaka tuitafakari, ndugu msomaji, kwa sababu sisi wa Makere tumeyaona matokeo yake yakipita milangoni mwetu kwa miguu, yamebeba sufuria kichwani na mtoto mgongoni.

Makere iko njiani kati ya Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Mpaka wa Burundi hauko mbali nasi, na lugha yetu ya Kiha na Kirundi ni ndugu. Muha na Mrundi wakikutana hawahitaji mkalimani. Kwa hiyo vita vya Burundi havikuwa kwetu habari ya redioni tu. Waliovikimbia walikaa katika kambi za Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na Kanembwa, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo. Kambi ya Nyarugusu, jirani yetu kabisa, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na tangu mwaka 2015 ikapokea na Warundi pia. Watu hao walilima vibarua katika mashamba yetu ya mihogo na maharage, waliuza na kununua katika magulio yetu, wengine walioana na jamaa zetu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu wa kijijini husikiliza mengi jioni.

Katika kusikiliza huko niligundua jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza. Nilipomwuliza mtu kwa nini alikimbia, ni wachache sana walionieleza juu ya vita yenyewe, yaani waasi na askari wakipigana ana kwa ana. Wengi walinieleza hivi: usiku watu wenye silaha walipita, wakashambulia kituo cha askari au gari barabarani, wakatoweka. Asubuhi askari wakaja. Nao hawakumkuta aliyeshambulia. Walitukuta sisi.

Humo ndimo ilimo siri. Mnyonge anayepigana na mkubwa hana haja ya kumshinda. Ana haja ya kumkasirisha. Mpiganaji wa msituni anaishi katikati ya watu, na watu hao, tuseme kweli, kwa sehemu kubwa hawamtaki yeye wala hawaitaki serikali. Wanataka mvua, bei nzuri ya maharage, na watoto waende shule. Wakibaki hivyo, mpiganaji hana chakula, hana mahali pa kulala, hana vijana wa kumfuata. Hapana budi watu hao watoke katikati na kuja upande wake. Maneno yake peke yake hayatawatoa. Atakayewatoa ni adui yake, iwapo adui huyo atapandwa na hasira ya kutosha. Kwa hiyo anachokoza. Anapiga pale panapouma na panapoaibisha, kisha anakimbia. Mkubwa aliyeaibishwa hatazami tena alikopita mchokozi, hapaoni. Anapiga anachokiona. Na kila nyumba anayoichoma inampatia mchokozi kijana mmoja au wawili ambao mahubiri ya miaka kumi yasingewapata.

Sisi wa nchi hii ya mapori na mizinga ya nyuki tunaujua mchezo huu kwa sura nyingine. Mtoto mtundu hurusha jiwe kwenye mzinga akatimua mbio. Nyuki wakitoka hawamwulizi mtu jina. Humvamia mama anayepita na mzigo wake wa kuni, ambaye hata jiwe hakuliona. Na nyuki aliyechoma, mwiba wake unabaki katika ngozi, naye anakufa. Hivyo mchokozi mmoja ameleta hasara kwa wawili, na mwenyewe yuko salama kwenye kichaka akitazama.

Tuanze na mwaka 1972, kwa sababu huko ndiko yalikoanza mambo yaliyotujaza wageni kwa mara ya kwanza. Tarehe 29 Aprili mwaka huo, vikundi vya waasi wa Kihutu vilishambulia sehemu za kusini mwa Burundi, pande za Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi. Waliua Watutsi, wakubwa kwa wadogo, na mauaji hayo yalikuwa dhambi tupu. Sitaki mtu yeyote ayasome maneno yangu akadhani nayapunguza. Serikali ya Rais Michel Micombero ingeweza kuwasaka waliofanya hivyo, na jeshi lake lilikuwa na uwezo huo, kwani uasi wenyewe ulizimwa katika muda mfupi. Lakini haikuishia hapo. Jeshi na vijana wa chama kilichotawala waligeukia Wahutu wa nchi nzima, wakianza na wenye elimu: walimu, makarani, askari wa Kihutu, wanafunzi waliochukuliwa madarasani. Makisio mengi husema waliouawa walikuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengi wa waliouawa walikuwa mbali kabisa na Rumonge na hawakuwa na habari yoyote ya uasi.

Walionusurika walivuka mpaka. Serikali yetu iliwapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakajenga shule. Na mwaka 1980, katika makazi hayo ya Mishamo, ndipo kilipoundwa chama cha Palipehutu, ambacho tawi lake la wapiganaji, FNL, lilikuja kuizunguka Bujumbura na kuisumbua kwa miaka mingi. Fikiri, ndugu msomaji. Mwaka 1972 waliosimamia mauaji yale waliamini kwamba wanamaliza tatizo la kizazi kizima. Waliua wenye elimu ili kusiwe na wa kuongoza. Miaka minane baadaye tatizo hilo lilikuwa na jina, katiba na wanachama, tena katika nchi nyingine ambako mkono wao haukufika. Waasi wa Aprili 1972 walikwisha upesi. Waliokuja baada yao hawakuzaliwa na uasi ule. Walizaliwa na kisasi.

Mambo hayo yalijirudia. Agosti 1988, katika tarafa za Ntega na Marangara kaskazini mwa Burundi, Wahutu waliwaua majirani zao Watutsi, na jeshi lilipofika likaua Wahutu kwa maelfu. Makumi ya maelfu wakakimbilia Rwanda. Oktoba 21, 1993, askari walimwua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu aliyechaguliwa kwa kura miezi michache tu kabla. Kifo hicho kilifuatwa na mauaji ya Watutsi vijijini, nayo yakafuatwa na kisasi cha jeshi. Mwaka uliofuata Léonard Nyangoma na wenzake waliunda CNDD, pamoja na jeshi lake la FDD. Hapo ndipo vita vya msituni vilipoanza kwa ukamilifu, na mikoa ya Makamba, Rutana na Ruyigi inayopakana nasi ikawa njia ya wapiganaji.

Sasa tazama serikali ya Meja Pierre Buyoya, aliyerudi madarakani kwa mapinduzi ya Julai 25, 1996, ilivyojibu. Iliona, na haikukosea katika hilo, kwamba waasi wanapata chakula na habari kutoka kwa wanavijiji. Ikaamua kuwatenga samaki na maji yao. Wakulima wa Kihutu kwa mamia ya maelfu waliamriwa kuacha nyumba zao na kukusanyika katika makambi chini ya ulinzi wa askari. Aliyeonekana nje ya kambi alihesabiwa kuwa mwasi. Katika makambi hayo hapakuwa na maji ya kutosha, vyoo wala mashamba, na mwaka 1997 homa inayoenezwa na chawa ililipuka nchini humo na kuwakumba watu waliobanana hivyo. Mwezi Septemba 1999, baada ya FNL kuishambulia Bujumbura, jambo lilelile likafanywa tena katika vilima vinavyouzunguka mji huo, na safari hii zaidi ya watu 300,000 walifungiwa.

Mzee mmoja aliyepitia makambi hayo kabla ya kufika kwetu aliniambia neno ambalo sijalisahau. Nilimwuliza, "Mzee, na ninyi mlikuwa mkiwapa waasi chakula?"

Akajibu, "Mwalimu, wakija usiku na bunduki utawanyima? Tuliwapa, na moyoni tuliwalaani. Lakini mwanangu wa pili alipofia kambini kwa kuhara, wa kwanza aliniaga usiku akawafuata. Sikumzuia. Kabla ya hapo ningemfunga kamba."

Maneno hayo ya mzee yanatosha kueleza kwa nini mpango ule, ambao maofisa waliupanga wakitazama ramani, uligeuka kuwasaidia waliokusudiwa kuumizwa. Kambi iliwazuia watu kulima, ikawazuia kuuza kahawa, ikawazuia kuwapenda walinzi wao. Haikuwazuia vijana kutoroka usiku. Na huko nje, ulimwengu ulianza kuangalia. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi wa mgogoro huo hadi alipofariki Oktoba 14, 1999. Aliyempokea kijiti, Nelson Mandela, aliyakemea makambi hayo hadharani na kudai yafungwe, na mwaka 2000 serikali ililazimika kuyafunga. Agosti 28 mwaka huohuo mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha. Novemba 2003 wapiganaji wakubwa wa FDD waliingia katika makubaliano, na mwaka 2005 kiongozi wao Pierre Nkurunziza akawa Rais. Sisemi kwamba hasira ya jeshi peke yake ndiyo iliyowafikisha Ikulu. Zilikuwapo sababu nyingi. Lakini bila hasira hiyo sidhani kama wangepata askari wa kutosha kuvuka hata mto Malagarasi.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni maradhi ya Burundi pekee. Waingereza, ambao walijisifu kwa utaratibu wao, waliugua ugonjwa huohuo jirani yetu Kenya. Usiku wa Machi 26, 1953, Mau Mau waliwaua watu wa Lari, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kilianza usiku uleule. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, Nairobi ilizingirwa na Wakikuyu kwa makumi ya maelfu wakakamatwa kwa sababu tu ya kabila lao. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa kwa bunduki. Kwa kipimo cha msituni, Waingereza walishinda. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Lakini Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, walinzi waliwapiga mahabusu hadi 11 wakafa, na maofisa wakajaribu kusema kwamba walikufa kwa kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka, aibu yake ilifika hadi Bunge la London. Mtawala aliyeshinda vita alipoteza haki ya kutawala, na miaka minne baadaye bendera yake ikashuka. Mwaka 2013, zaidi ya nusu karne baadaye, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati huo.

Kusini mwetu, Wareno nao walishikwa vivyo hivyo. Wapiganaji wa Frelimo walipoingia mkoa wa Tete na kuwasumbua, Desemba 16, 1972 makomandoo wa Kireno waliingia kijiji cha Wiriyamu na vitongoji vyake wakaua watu wapatao 400. Walidhani msitu utawaficha. Mapadri walikusanya habari na majina, na mwezi Julai 1973 gazeti la The Times la London likachapisha yote, siku chache tu kabla ya Waziri Mkuu Marcelo Caetano kuwasili mji huo kwa ziara ya heshima. Aprili 25, 1974, Caetano alipinduliwa, na waliompindua walikuwa maofisa wa jeshi lake mwenyewe, waliochoshwa na vita visivyo na mwisho.

Nikifika hapa naogopa kwamba kijana fulani anayesoma atasema moyoni: basi huu ni ufundi mzuri, mnyonge akiutumia atashinda daima. La. Mbrazili mmoja, Carlos Marighella, mwaka 1969 aliandika kijitabu cha kuwafundisha wapiganaji wa mjini, na ndani yake alieleza wazi kwamba kazi yao ni kuilazimisha serikali iongeze ukandamizaji hadi wananchi waichukie. Mwezi Novemba mwaka huohuo polisi walimwua katika jiji la São Paulo. Ukandamizaji aliouomba ulikuja kweli, kwa mateso ya kutisha, lakini wananchi hawakunyanyuka. Vikundi vyake vilisagwa, na utawala wa kijeshi uliendelea hadi mwaka 1985. Aliyechokoza mzinga alidhani nyuki watawauma wengine tu.

Tena hata anaposhinda, bei yake inalipwa na nani? Methali yetu husema wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini katika mchezo huu nyasi haiumii kwa bahati mbaya. Imewekwa pale makusudi iumie. Mpiganaji anayeshambulia kituo cha askari kisha akakimbilia katika kijiji cha watu wasio na silaha, huku akijua fika jinsi askari walivyo, amekifanya kijiji hicho kuwa chambo. Nimefikiri sana juu ya waliopanga mashambulizi ya Aprili 29, 1972. Wengi wao walikufa, kwa hiyo hawawezi kujibu. Lakini wale yatima walioletwa Ulyankulu wangekuwa na haki ya kuwauliza swali moja: mlihesabu? Na jibu lolote wangelolitoa lisingefuta deni la pili, lililo kubwa zaidi, la yule aliyeua watoto wa shule. Kuchokozwa si ruhusa. Mkono ulioshika panga ni wa mwenye mkono, hata kama mwingine alimtia hasira.

Jambo linalonihuzunisha kuliko yote ni hili, kwamba waliowahi kufaidika na hasira ya adui hawakujifunza kuihofu hasira yao wenyewe. CNDD-FDD, chama kilichokua kwa sababu jeshi lilikuwa likiadhibu mitaa na vilima vizima, kilikuwa serikalini mwaka 2015 wakati Rais Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu na mitaa ya Bujumbura ikajaa maandamano. Desemba 11 mwaka huo watu wenye silaha walishambulia kambi za jeshi mjini. Wakarudishwa. Kisha askari wakaingia mitaa iliyojulikana kwa upinzani, Nyakabiga, Musaga na mingineyo, na kesho yake wakazi walikuta miili ya vijana barabarani. Serikali yenyewe ilitangaza vifo 87. Mwezi Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali hiyo, na mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikafungua uchunguzi. Serikali haikuanguka, ni kweli, lakini nchi ilirudi kwenye umaskini na upweke, nasi huku tuliona kambi za Nduta na Mtendeli, ambazo zilikuwa zimefungwa, zikifunguliwa tena. Nilimwona mama mmoja akishuka kwenye basi la wakimbizi. Alikuwa amezaliwa katika makazi ya wakimbizi hapa Tanzania, akarudi kwao wakati wa amani, na sasa alikuwa amerudi kwetu na wajukuu.

Je, mwenye nguvu aliyechokozwa afanye nini? Akae kimya apigwe? Hakuna serikali inayoweza kukubali hilo, wala haipaswi. Ila kuna tofauti kati ya kujibu na kulipuka. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi, yakidai kuwasaka waasi, yalishambulia vijiji vya mpakani katika mkoa wetu wa Kigoma, na Watanzania wakauawa. Nguvu ya kulipiza tulikuwa nayo. Badala yake wafanyakazi wetu wa bandari walikataa kuishughulikia mizigo ya Burundi, nchi isiyo na bahari, na suala likamalizwa kwa mazungumzo. Hakuna kijiji cha Warundi kilichochomwa kwa ajili ya vijiji vyetu. Leo hakuna Mrundi mwenye kisasi nasi juu ya mwaka 1973, na hilo si jambo dogo kwa watu wanaoishi mpakani.

Hata kijijini kanuni ni hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya tisini ujambazi wa bunduki ulituzidi huku kwetu. Usiku mmoja mwenye duka wa kitongoji chetu alivamiwa, akaporwa fedha na kukatwa mkono kwa panga. Asubuhi vijana walikusanyika na mashoka na viberiti, wakisema wanakwenda kuchoma vibanda vya Warundi waliokuwa wakilima vibarua kando ya mto. Nilikuwapo. Bibi mmoja, mkongwe kuliko sote, alitoka akasimama njiani akiegemea mkongojo wake.

"Wajukuu wangu, mnakwenda kumpiga nani?"

"Warundi, bibi."

"Mrundi yupi?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea, "Mwezi uliopita nani alikuja kutuambia kuna watu wasiojulikana wanalala porini, tukawahi kuwahamisha mbuzi? Si yule kibarua wa kule mtoni? Haya, mchomeeni kibanda. Kesho wezi wakija, nani atawaambia?"

Vijana walibishana kidogo, lakini walibaki. Wiki mbili baadaye ni mwanamke mmoja wa vibanda hivyohivyo aliyemnong'oneza mke wa balozi mahali fedha zilipokuwa zikigawanywa. Polisi walikamata watu watatu. Wawili walikuwa wakimbizi. Wa tatu alikuwa Muha mwenzetu kutoka kijiji cha jirani.

Nimesoma kidogo vitabu vya wataalamu wa vita, na sijaona humo hoja iliyo bora kuliko ya bibi yule. Mwizi, kama mpiganaji wa msituni, anaishi kwa ukimya wa watu wanaomwona. Ukimya huo huvunjika pale mtu anapoamini kwamba akisema atalindwa, na kwamba akinyamaza hataadhibiwa kwa kosa la mwingine. Ukimpiga pamoja na mwizi umemfundisha kwamba kusema na kunyamaza ni sawa, na basi atanyamaza. Serikali inayochoma kijiji imejitoboa macho na masikio kwa mkono wake, halafu inashangaa kwa nini inatembea gizani.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye nguvu aliyechokozwa lisiwe "nimpige kwa nini?" wala "nimpige kwa kiasi gani?" Liwe lile la bibi: yupi? Anayeweza kulijibu kwa jina, amkamate mwenye jina hilo na kumpeleka mbele ya sheria. Asiyeweza kulijibu bado, avumilie na kutafuta, hata kama magazeti yanamcheka na askari wake wananung'unika. Subira ya namna hiyo ni ngumu, na inagharimu. Lakini gharama yake naijua, na gharama ya hasira pia naijua. Hii ya pili imekuwa ikipita mbele ya nyumba yangu, kwenda na kurudi, tangu mwaka 1972.